Gitaa Halishikwi kwa Nguvu

Kijana wa Lusewa anayepata gitaa kwa mara ya kwanza huuliza swali moja kabla ya mengine yote: vidole niviweke wapi? Anataka kordi. Anataka ile C, kisha F, kisha G, kwa sababu hizo tatu zinatosha kuimbia nyimbo nyingi anazozijua, ziwe za dansi, za kwaya au za harusini. Mwenzake aliyemtangulia humwonyesha, na haipiti nusu saa kijana keshainamia gitaa, bega la kushoto limepanda, kifundo cha mkono kimekunjika, na vidole vinabonyeza nyuzi kwa nguvu zote alizonazo. Sauti inakwaruza. Anaambiwa akaze zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba agizo hilo la kukaza ndilo kosa la kwanza. Namna ya kukaa na namna ya kuweka mikono si madoido ya watu wa madarasa ya muziki ambayo mwanafunzi wa kijijini anaweza kuyaacha yasubiri. Ndiyo yanayoamua nani ataendelea kupiga baada ya miezi sita na nani atalitundika gitaa ukutani akisema hana kipaji.

Kata ya Lusewa iko kusini mwa Wilaya ya Namtumbo, wilaya iliyomegwa kutoka Songea mwaka 2002, katika nchi ya miombo inayoteremka kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Ni nchi ya wakulima. Chuo kinachojulikana zaidi nchini kwa kufundisha sanaa, kile cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo kinaitwa TaSUBa, kiko mamia ya kilomita kutoka huko. Kwa hiyo anayejifunza gitaa Lusewa, sawa na mwenzake wa Tunduru au Liwale, hujifunza kwa rafiki, kwa mpigaji wa kwaya, au kwa simu. Hana mwalimu wa kumgusa bega na kumwambia alishushe. Na mikono anayokuja nayo ni mikono iliyolelewa na jembe. Wapo wanaoamini kwamba mikono ya namna hiyo imekwisha kuwa migumu mno kwa kazi ya nyuzi. Mimi naamini kinyume chake. Mkulima mzoefu hakamui mpini. Huliacha jembe lishuke kwa uzito wake, na mkono hukaza kidogo tu pale chuma kinapogusa udongo, kisha hulegea tena. Asiyezoea ndiye anayekamua tangu asubuhi, na kabla ya saa nne ameshatoka malengelenge. Kijana aliyelima tangu utotoni anaijua kanuni yote ya gitaa mwilini mwake, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni ileile.

Kiasi cha nguvu ambacho uzi unahitaji kinaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye gitaa, na kipimo hicho kinafaa kuwa somo la kwanza, kabla ya kordi yoyote. Weka kidole cha kati juu ya uzi wa tatu, nyuma kidogo tu ya freti ya tano, na usibonyeze, kiguse tu. Piga uzi kwa mkono wa kulia. Utasikia mdundo mfu usio na noti kamili. Ongeza uzito wa kidole kidogo, piga tena; sasa uzi unakwaruza. Ongeza kidogo tena, na tena, mpaka noti itoke safi, kisha usiongeze chochote. Anayefanya jaribio hili kwa uaminifu hushangaa jinsi alivyofika mapema, kwa sababu kiasi kilichotosha ni sehemu ndogo ya kile alichokuwa akitumia. Sasa rudisha kidole nyuma, kikae katikati ya nafasi kati ya freti ya nne na ya tano, ukiacha nguvu ileile. Uzi unaanza kukwaruza upya. Kinachotoa noti ni uzi kukaa imara juu ya freti, si ukali wa kidole, na kadiri kidole kinavyokaa mbali na freti ndivyo kinavyolazimika kuuinamisha uzi zaidi ili ukae pale. Sentimita moja ya uzembe hulipiwa kwa nguvu ya mkono mzima. Mwanafunzi aliyeambiwa akaze zaidi alipaswa kuambiwa asogeze kidole.

Jaribio la pili halihitaji hata gitaa. Nyoosha mkono mbele, kunja kifundo kwa ndani kadiri kinavyokwenda, kisha jaribu kufumba ngumi. Haifumbiki vizuri, na ukilazimisha, maumivu yanapanda hadi kwenye kigasha. Misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, na huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita katika njia nyembamba ndani ya kifundo. Kifundo kikinyooka, kano zinateleza na nguvu inafika. Kikikunjika sana, kano zinabanwa, nguvu inapotea njiani, na mwenye mkono hujaribu kuifidia kwa kukaza zaidi. Ndiyo maana mkao unatangulia vidole. Kifundo hakikunjiki chenyewe. Hukunjwa na gitaa lililokaa vibaya, na gitaa hukaa vibaya kwa sababu aliyelibeba amekaa vibaya.

Tuanze basi na kiti. Kigoda kifupi kilichozoeleka barazani hupandisha magoti juu ya nyonga, tumbo likajikunja na gitaa likasukumwa kifuani. Kiti chenye mikono nacho huzuia kiwiko. Kinachofaa ni benchi au kiti cha kawaida kisicho na mikono, chenye urefu unaoruhusu nyayo zote mbili kukanyaga chini na mapaja kulala sawa. Mpigaji akae karibu na ukingo wa mbele, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Gitaa linaweza kukaa juu ya paja la kulia, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa nyimbo, au juu ya paja la kushoto huku mguu wa kushoto ukiwa umeinuliwa kidogo. Mkao huu wa pili ulienezwa na Mhispania Francisco Tárrega, aliyefariki mwaka 1909, kwa kutumia kistuli maalumu cha kukanyagia. Kistuli hicho hakina siri yoyote, na tofali moja hufanya kazi ileile. Lililo muhimu ni kwamba shingo ya gitaa ielekee juu kidogo, kichwa chake kikifika karibu na usawa wa bega, badala ya kulala sambamba na sakafu au, vibaya zaidi, kuinamia chini. Mpigaji akishakaa, auondoe mkono wa kushoto kabisa. Gitaa likibaki palepale, limeshikwa na paja, kifua na uzito wa mkono wa kulia uliolala juu ya ubavu wake, mkao ni mzuri. Likianza kuanguka, basi mkono wa kushoto umepewa kazi mbili, kubeba na kupiga, na hakuna mkono unaoweza kufanya zote mbili vizuri.

Kuna kosa moja la mkao ambalo karibu kila anayeanza hulifanya, nalo lina sababu inayoeleweka: anataka kuona vidole vyake. Kwa hiyo analilaza gitaa, uso wake ukitazama juu, ili nyuzi zote sita zionekane. Mara tu anapofanya hivyo, shingo inakimbilia mbele, mkono wa kushoto unalazimika kuizunguka kwa mbali, na kifundo kinakunjika vilevile kama katika jaribio la ngumi. Uso wa gitaa unapaswa kusimama wima. Ni kweli kwamba mpigaji ataona ubavu wa shingo tu na uzi mnene wa juu, na kwamba siku za mwanzo atapapasa. Lakini kupapasa ndiko kunakojenga ujuzi wenyewe, kwa kuwa vidole havitajifunza umbali kati ya uzi na uzi maadamu macho yanavifanyia kazi hiyo. Vidoti vidogo vilivyo ubavuni mwa shingo vinatosha kumwonyesha freti aliyopo.

Mkono wa kushoto ukishafunguliwa kutoka kwenye kazi ya kubeba, mambo yake ni machache. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, takriban mkabala na kidole cha kati, kikiwa kimeegemea tu bila kusukuma. Vidole vinne vijikunje, ncha zikishuka juu ya nyuzi karibu na pembe mraba ili zisiguse uzi wa jirani na kuuzima. Kucha za mkono huu ziwe fupi kabisa. Kucha ndefu huzuia ncha kufika, na kidole hulala. Kiganja kisiishike shingo. Njia ya kujikagua ni kupiga noti au kordi nyepesi, kisha kukitoa kidole gumba kwenye shingo kwa sekunde chache huku sauti ikiendelea. Kama noti inabaki, ni kwamba uzito wa mkono wenyewe unaovutwa chini na nyuma na bega lililolegea unafanya kazi karibu yote. Kama noti inakufa papo hapo, gumba lilikuwa likibana, na kubana huko ndiko kunakoleta yale maumivu ya shina la gumba ambayo wanaoanza hulalamikia.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapokuja, na ni pingamizi la heshima. Mbona magwiji wetu hawakufundishwa haya? Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya kule Katanga, alipokutana na mrekodi wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, hakuwa ametoka darasani. Alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na kwa vidole hivyo akarekodi "Masanga", wimbo ambao wapiga gitaa wa dunia nzima bado wanahangaika kuuiga. Yeye na mpigaji mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi katika miaka ya 1950, na gitaa la Afrika Mashariki halikubaki kama lilivyokuwa. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi naye alijenga mtindo wa gitaa wa omutibo juu ya msingi huohuo wa gumba na shahada, huku mwenzake akigonga chupa ya soda. Ukimpeleka yeyote kati yao kwa mwalimu wa Madrid, angeambiwa anakosea. Kwa nini basi kumsumbua kijana wa Lusewa na habari za gumba na tofali?

Jibu la kwanza ni kutazama walichofanya, badala ya kutazama kama walikuwa na cheti. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alichambua upigaji wa Bosco katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na kinachojitokeza ni mkono usiopoteza kitu. Gumba linashughulikia nyuzi nene za besi, shahada inashughulikia nyembamba, na kila kidole kina eneo lake. Mkono hauruki wala haukimbii. Kordi nyingi zimepigwa karibu na kichwa cha gitaa, mahali ambapo nyuzi kadhaa huachwa wazi, na uzi ulioachwa wazi haudai nguvu yoyote ya mkono wa kushoto. Ni ubahili wa nguvu uliokomaa kabisa. Tazama pia muziki wetu wa dansi. Wimbo unapoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezwa, mpigaji wa rhythm hurudia kipande kifupi kilekile kwa dakika nyingi, haraka, bila kuyumba, akiwa amebeba bendi nzima mgongoni. Mkono uliokazwa hauwezi kazi hiyo. Huchoka kabla ya ubeti wa pili na mapigo yakaanza kuchelewa. Bendi za enzi ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali Januari 1979, zilipiga hivyo hadi usiku mkubwa. Wapigaji wale walikuwa na ufundi wa kulegeza mkono, hata kama hakuna aliyewaandikia kanuni zake ubaoni.

Jibu la pili ni gumu zaidi kulisema, lakini lazima lisemwe. Tunawajua Bosco, Mukabi na Mbaraka kwa sababu waliendelea. Hatuwajui wale walioanza nao, kijiji kimoja, gitaa moja la kuazimana, wakaacha kwa sababu vidole viliuma na sauti haikutoka. Hao hawakurekodiwa na mtu. Tukihukumu njia ya kujifunza kwa kuwatazama waliofanikiwa peke yao, kila njia itaonekana njema. Aliyejaliwa mwili unaogundua wenyewe namna ya kulegea atafika hata bila kuelekezwa. Maelekezo ni kwa ajili ya wale wengine, ambao ndio wengi, na ambao miongoni mwao huenda wamo watunzi wazuri kuliko wote. Wanaopenda kumtaja mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyeungua mkono wa kushoto mwaka 1928 akabaki na vidole viwili vya kutegemea kwa noti nyingi alizopiga, wanasema kweli kwamba alivuka kanuni zote za shule. Ila alivuka kwa sababu alilazimika kutafuta njia fupi kuliko zote kutoka noti hadi noti. Mfano wake unaunga mkono hoja hii.

Kwa sababu hiyohiyo, sitetei mkao wa Kihispania kwa kuwa ni wa Kihispania. Wapo watakaosema kwamba mambo ya kistuli na pembe ya shingo ni desturi ya kigeni inayobandikwa juu ya muziki wetu. Kama hoja ingekuwa desturi, wangekuwa sahihi. Mwili ndio unaohukumu hapa, na kano za kifundo ni zilezile kwa Mhispania na kwa Myao. Muziki ukibadilika, mkao hubadilika nao. Malawi, ng'ambo ya ziwa, ambako Wayao ni wengi kama walivyo Lusewa na Msumbiji, mpiga gitaa Daniel Kachamba alijulikana pia kwa hauyani, upigaji wa kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi. Huko vidole vya kushoto havibonyezi kabisa, na kanuni za gumba nyuma ya shingo hazina kazi. Vivyo hivyo mpigaji mwenye mikono mikubwa anaweza kulipitisha gumba juu ya shingo kuzima au kubonyeza uzi mnene, na wengi wazuri hufanya hivyo. Swali linabaki moja kwa wote: je, kuna msuli unaokazwa bila kutoa sauti yoyote? Kama upo, ulegezwe.

Mkono wa kulia hausemwi sana katika masomo ya wanaoanza, na hilo ni pengo kubwa kwetu sisi, kwa kuwa uzuri mwingi wa gitaa kavu la Afrika Mashariki uko kwenye mkono huo. Kigasha kilale juu ya ubavu wa gitaa karibu na kiwiko, mkono uning'inie kutoka hapo hadi kwenye tundu la sauti, na kifundo kikae sawa. Gumba litangulie kuelekea upande wa shingo, vidole vibaki nyuma yake, visigongane. Uzi usinyofolewe kwenda nje. Usukumwe kupita, kidole kikiishia kwenye nafasi iliyo mbele yake. Anayeanza afanye siku kadhaa za gumba peke yake, uzi wa sita na wa nne kwa kupokezana, polepole, mpaka mapigo yawe sawasawa bila yeye kuyafikiria. Ndipo shahada iingie kati ya mapigo hayo. Akifanya hivyo hata kwa kordi moja, tayari ameingia kwenye mlango wa Bosco, wakati mwenzake anayekimbizana na kordi kumi za mkono wa kushoto bado hajapiga kitu kinachoweza kuchezwa.

Pingamizi jingine husikika kila panapofundishwa gitaa: maumivu ndiyo ada, vumilia. Nusu yake ni kweli. Ngozi ya ncha za vidole huuma siku za mwanzo, na kwa wengi hukomaa ndani ya wiki mbili hadi nne za mazoezi mafupi ya kila siku. Maumivu hayo ni ya ngozi na yana mwisho. Maumivu ya shina la gumba, ya kifundo, ya kiwiko au ya bega ni kitu kingine kabisa, na ganzi ya vidole ni mbaya zaidi. Hayo hayakomazi mtu. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa wanamuziki 2,212 wa okestra za Marekani, watu waliofundishwa tangu utotoni na kulipwa kwa kazi hiyo, na asilimia 76 kati yao waliripoti angalau tatizo moja la kiafya lililotosha kuathiri upigaji wao. Mpigaji gitaa wa Marekani David Leisner alipoteza utii wa vidole vyake vya kulia kwa miaka ipatayo 12, na alirudi jukwaani kwa kujifunza upya kutumia misuli mikubwa ya bega na mkono badala ya kuvitwisha vidole mzigo wote. Ikiwa wataalamu wanaumia, asiye na mwalimu hana sababu ya kuchukulia uchungu wa kifundo kuwa dalili ya bidii. Kwa mkulima jambo hili lina majira yake pia. Januari na Februari, wakati wa palizi, mikono hurudi nyumbani imevimba na kuchoka. Jioni kama hiyo ni ya dakika 10 za gumba na nyuzi za wazi, si ya kupigana na kordi ngumu.

Litasemwa, na kwa haki, kwamba yote haya yanamhusu mwenye gitaa zuri, na kwamba magitaa yanayofika vijijini yamepinda shingo, nyuzi zimeinuka juu kiasi cha kupitisha kidole chini yake, na hakuna ulegevu wowote utakaoyafanya yatii. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi, na jibu lake ni kulirekebisha gitaa, si kuukomoa mkono. Nyuzi sita za chuma, hata za aina nyepesi, huvuta shingo kwa jumla ya karibu kilo 70. Za nailoni huvuta karibu kilo 40. Kwa hiyo anayeweza kuchagua aanze na gitaa la nailoni. Asiyeweza, ashushe sauti ya nyuzi zote kwa toni moja. Mvuto wa uzi hufuata mraba wa kasi ya mtetemo wake, kwa hiyo kushuka toni moja hupunguza mvuto kwa takriban moja ya tano, nafuu ambayo vidole huisikia papo hapo. Akitaka kupiga pamoja na wenzake bila kutofautiana nao, afunge kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya pili. Sauti itarudi ilipokuwa, mvuto utabaki ule mdogo, na nyuzi zitakuwa zimekaribia shingo. Kapo si lazima inunuliwe. Kalamu ya risasi na ukanda wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwa kukazwa hufanya kazi hiyo. Kile kipande cheupe kilicho kwenye daraja la gitaa, kinachoinua nyuzi, huweza kuchomolewa na kupunguzwa kwa msasa upande wa chini, kidogo kidogo, huku nyuzi zikirudishwa na kupimwa kila mara, kwa sababu kikizidi kupungua zitaanza kugonga freti. Fundi seremala makini anaiweza kazi hiyo. Inaniuma kwamba tunalazimika kushauriana hivi katika nchi ya mpingo, mti mzito unaozama majini, ambao misitu ya kusini yetu imeutoa kwa miaka mingi ukaenda kuwa klarineti ng'ambo, na ambao baadhi ya mafundi huutumia pia kwa ubao wa shingo ya gitaa.

Kuhusu simu, video zinasaidia na sioni haja ya kuzipiga vita. Tatizo lao ni kwamba kamera hukaribia vidole na kuacha mabega nje ya picha, hivyo mtazamaji huona matokeo bila kuona chanzo. Simu hiyohiyo ikigeuzwa ina faida kubwa zaidi: iegemezwe ukutani, imrekodi mwanafunzi mwenyewe kwa dakika moja, mwili mzima, kisha ajitazame. Bega lililopanda, shingo iliyoinamia nyuzi, gitaa lililolala, yote yataonekana bila mwalimu. Anayesimama kupiga ajitazame vilevile. Mkanda unapaswa kulishika gitaa katika kimo kilekile linapokaa mtu anapokuwa ameketi. Mkanda mrefu unaoliteremsha hadi mapajani unapendeza kwenye picha, na unakirudisha kifundo kwenye mkunjo uleule wa jaribio la ngumi.

Turudi kwenye F, kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama. Katika mpangilio wa C, F na G, F kamili inataka kidole cha shahada kilalie nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, mahali ambapo uzi ni mgumu kubonyeza kuliko mahali pengine popote, na hupewa mwanafunzi wiki ya kwanza kwa sababu tu wimbo unaihitaji. Mwalimu wa kwaya au rafiki anayefundisha ana njia mbili za kumwokoa. Anaweza kuuhamishia wimbo kwenye G, C na D, ambako hakuna kidole cha kulalia nyuzi zote. Au ampe F ndogo ya nyuzi nne za chini, shahada ikibonyeza mbili nyembamba tu, cha kati uzi wa tatu kwenye freti ya pili, cha pete uzi wa nne kwenye freti ya tatu. Mkono ukifikia kuipiga hiyo dakika tano bila shina la gumba kuuma, F kubwa ianze kujaribiwa, kwanza juu kwenye freti ya tano ambako nyuzi ni laini, kisha ishushwe freti moja moja, wiki kwa wiki, hadi ifike ya kwanza.